Kama si Idris Elba, basi nani? Hesabu zangu za James Bond ajaye

#1 Kibanda Umiza

Wakuu, kwema?

Tangu filamu ya No Time to Die itoke 2021 hatuna James Bond, yule jasusi 007 wa kwenye filamu. Daniel Craig kaondoka, kiti kipo wazi, na kila baada ya miezi miwili mtu anatangazwa mtandaoni halafu anakanushwa. Februari 2025 Amazon walichukua usukani kutoka kwa watayarishaji wake, Barbara Broccoli na kaka yake wa mama mmoja, Michael Wilson. Wakamleta Denis Villeneuve aongoze na Steven Knight aandike. Jina la muigizaji bado.

Huku kwetu ukigusa mada hii jibu ni moja: Idris Elba. Hata mimi nilikuwa kambi hiyo kwa miaka kumi. Juzi umeme umekatika nikakaa na kalamu.

Craig kazaliwa 1968. Kaanza 2006 ana miaka 38, kamaliza ana 53, na katika miaka yote hiyo 15 katoa filamu tano tu. Roger Moore kaanza na 45, kamaliza 1985 akiwa na 57, na ile ya mwisho kila mtu aliona mzee wa watu anakokotwa. Elba kazaliwa Septemba 1972. Villeneuve ana Dune ya tatu mkononi, imepangwa Desemba 2026, kwa hiyo Bond huyu mimi simtarajii kabla ya 2028. Elba atakuwa na miaka 55 siku ya kwanza kazini! Craig kwenye umri huo alishakabidhi bastola na funguo za gari.

Hoja yangu: muda wa Idris umepita, na kuna watu waliokaa wakauangalia ukipita. Ni nani, na kwa nini? Na kama si yeye, apewe nani? Wenye matusi jukwaa la siasa lipo wazi.

#2 Msela wa Manzese

Nawahi siti ya mbele.

#3 Bi Nyamizi

Mrefu, suti imemkaa, sauti inatoka tumboni. Umri wa nini tena? Idris hata akija na fimbo mimi tiketi nanunua.

#4 Mchambuzi wa Benchi

Acheni kulialia. Bond ni Mwingereza, na wote waliopita ni Waingereza. Ndivyo alivyoandikwa. Mkitaka wa kwenu mtungeni.

#5 Fundi Redio

#4 mkuu, taratibu. Sean Connery ni Mskoti, kabla ya umaarufu alikuwa anasambaza maziwa Edinburgh. George Lazenby ni wa Australia. Pierce Brosnan ni wa Ireland. Timothy Dalton kazaliwa Wales. Katika sita, waliozaliwa England ni Moore na Craig peke yao. Idris kazaliwa Hackney, London, baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana. Kwa kipimo chako cha Uingereza, Idris anawapita wanne.

Hata huyo wa kitabuni, mtunzi wake Ian Fleming alimpa baba Mskoti na mama Mswisi.

Halafu kwa faida ya uzi: Bond bora kuliko wote ni Dalton. Sijadiliani.

#6 Mchambuzi wa Benchi

Uswisi na Scotland zote Ulaya. Hujanijibu.

#7 Msela wa Manzese

Kahamisha magoli huyo 😂😂

#8 Mwana wa Umoja

Niaje wazee, salamu kutoka Nairobi. Mnapoteza wakati na wanaume. Lupita Nyong'o alishakuwa MI6 kitambo, kwenye The 355 ya 2022 aliigiza jasusi wa Uingereza mambo ya kompyuta. Cheti cha kazi anacho. Mpeni gari tu.

#9 Mjukuu wa Chifu

#8 Broccoli alishasema Bond anaweza kuwa wa rangi yoyote ila ni mwanamume. Ingawa sasa si yeye anayekata shauri.

Na mnasahau kwamba namba 007 yenyewe imeshavaliwa na mweusi, tena mwanamke. Lashana Lynch kwenye No Time to Die. Bond karudi ofisini kakuta namba yake kapewa mtu. Kama mtumishi aliyechukua likizo bila malipo.

#10 Kijana wa Darajani

Jamani mie niko Unguja, nikwambieni kitu. Huyo Idris mnayemlilia huku kwetu ni mgeni wa karibu. Januari 2023 alionana na Rais Samia kule Davos, na mwaka uliofuata serikali ya huku ikasema imemtengea ardhi ajenge studio ya filamu. Eka 800, si mchezo.

#11 Mjukuu wa Chifu

Hekta 80, kaka. Ni kama eka 200. Umeziongeza mara nne kwa mapenzi.

#12 Kijana wa Darajani

Haya, hekta 80. Kwa kisiwa chetu hizo nazo ni dunia. Na mwenyewe alishasema anataka kuhamia Afrika. Sasa mtu anafikiria kujenga studio yake, mnamtaka akarukeruke juu ya mapaa kwa amri ya Amazon?

#13 Kiti cha Nyuma

Nijibu swali la mleta uzi la "nani alimpitisha muda". Mnatafuta mchawi wakati kiti hakikuwa wazi! Craig kakikalia kuanzia 2006 mpaka 2021. Idris alianza kusubiri ana miaka 34, kakitazama mpaka ana 49. Mwaka 2005 walipokuwa wanatafuta mtu, Idris nani alikuwa anamjua zaidi ya sisi tulioangalia tamthilia ya The Wire kwa CD za kukodi? Tamthilia yake ya Luther imeanza 2010. Alipokuwa mkubwa, kiti kina mtu. Kilipoachwa, kazeeka. Ndiyo maisha, ubaguzi wa nini?

#14 Dada wa Forodhani

#13 umejibu nusu. Craig alipopewa watu walimpigia kelele mpaka wakamfungulia tovuti ya kumgomea, kisa nywele zake si nyeusi. NYWELE. Sasa kama rangi ya nywele ilileta vita, ya ngozi ingeleta nini?

Halafu kumbuka zile barua pepe za kampuni ya filamu ya Sony zilizovuja 2014. Mkubwa wao, Amy Pascal, aliandika kwamba Idris ndiye anafaa kuwa Bond ajaye. Mwaka uliofuata mwandishi wa riwaya za Bond, Anthony Horowitz, akasema Idris ana "umtaani" mno. Akaja kuomba radhi, lakini neno limeshatoka. Umtaani! Muuza maziwa wa Edinburgh hakuwa wa mtaani?

Na utamu uko hapa: mmoja wa watayarishaji wawili waliowekwa na Amazon ni huyo huyo Amy Pascal, pamoja na David Heyman. Aliyemtaka sasa ana rungu, na anayetakiwa ndiyo hivyo tena.

#15 Kibanda Umiza

#14 hii ya Pascal sikuiunganisha kabisa. Asante. Imeniuma upya.

#16 Bwana Hesabu

Wote mnazunguka. Sababu ni pesa. Bond anapatikana akiwa hajawa ghali, wanamkuza wao, wanamfunga kwa mkataba mrefu. Lazenby alikuwa mwanamitindo wa matangazo, akaenda kwa kinyozi wa Connery, akanunua suti ambayo Connery aliiagiza kwa fundi na hakuichukua, akaingia nayo ofisini kwao. Akapewa! Halafu wakampa mkataba wa filamu saba akaukataa, kashauriwa kwamba mambo ya Bond yamepitwa na wakati. 1969 hiyo. Mshauri kama huyo sote tunaye kwenye ukoo.

Idris kwa bei yake ya sasa hawezi kufungwa miaka kumi.

#17 Fundi Redio

#16 Moore alishakuwa staa wa televisheni kabla ya kupewa, na Brosnan pia. Brosnan ilibidi hata waachane naye 1986 kwa sababu ya mkataba wa tamthilia yake, ndipo wakampata DALTON, wakaupata ukweli. Ile ngumi ya hasira mnayomsifia Craig, Dalton aliileta Licence to Kill 1989. Watu hawakuwa tayari.

#18 Msela wa Manzese

Mzee wa Dalton anaumwa jamani, mpeni maji.

#19 Mbale Kwetu

Habari zenu Watanzania na Wakenya. Mimi ni wa Uganda na nina kesi na hawa watu. Casino Royale ya 2006, mwanzoni, wanaandika kwenye skrini "Mbale, Uganda" halafu unaona kambi ya waasi wa LRA, mvua, bunduki, msitu. Mbale ni kwetu! Iko mashariki, chini ya Mlima Elgon, watu wanalima kahawa na matoke. Kony, kiongozi wa LRA, alikuwa anasumbua kaskazini, Gulu huko na Kitgum. Na ule msitu wenyewe uko Uingereza, walipigia picha Black Park. Nilikuwa naangalia na binamu zangu, mmoja akasimama akauliza, "Hii ni kwa nani?"

Kwa hiyo kama fidia, nataka Daniel Kaluuya. Kazaliwa London 1989, wazazi wote wa Uganda, Oscar anayo ya 2021. Umri unamruhusu. Kwa hesabu ya #1 anapita.

#20 Bi Nyamizi

Kaluuya fundi, sikatai. Macho yake pekee yanaigiza. Lakini Bond anatakiwa akiingia mlangoni mtu uvute kitenge vizuri. Kaluuya akiingia mimi nitamkaribisha chai.

#21 Dada wa Forodhani

😂😂 Bi Nyamizi jamani. Basi chukua muigizaji Regé-Jean Page. Mama yake Mzimbabwe, kakulia Harare, kazaliwa 1988. Kitenge kitavutwa.

#22 Bi Nyamizi

Huyo ndiyo. Huyo nimeshakivuta.

#23 Mchambuzi wa Benchi

Mnachagua muigizaji au mchumba? Henry Cavill. Alifika mbali sana kwenye usaili wa Casino Royale, akaonekana mdogo, alikuwa na miaka 22 hivi. Sasa amekomaa. Haki yake.

#24 Kibanda Umiza

#23 Cavill kazaliwa 1983. Mwaka 2028 atakuwa na 45, umri alioanzia Moore, na Moore mwenyewe alisimulia kwamba kwenye ile ya 1985 aligundua amempita umri mama wa binti anayeigiza naye mapenzi. Siku moja mdogo sana, siku nyingine mzee. Cavill na Idris wakutane wapeane pole.

#25 Mwana wa Umoja

Na Aaron Taylor-Johnson? Machi 2024 gazeti moja la Uingereza liliandika ameshapewa kazi rasmi. Bado tunangoja hiyo "rasmi".

#26 Kiti cha Nyuma

Huyo wa 1990, kwa umri yuko sawa kabisa. Ila magazeti ya udaku ya Uingereza yameshamwapisha nusu ya Uingereza.

#27 Mzee wa Mkanda

Shikamooni mliozidi, wengine hamjambo.

Nyie mnajadili nani awe Bond, mimi nina swali kubwa kuliko hilo. Bond KAFA. No Time to Die, makombora yanashuka, yeye kasimama juu, kwisha. Sasa mnarudije?

Mimi nilikuwa mpiga debe wa banda la video Mbagala, miaka ya tisini mwishoni. Banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa viroba, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi hamsini, watoto thelathini wakikaa chini mbele kwenye mkeka. Mtafsiri ana maiki moja imefungwa kwa raba ya tairi. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa kabla hata ya kusoma na kuandika: STERINGI HAFI. Steringi anapigwa risasi, inaingia begani. Bomu likilipuka ameshatoka dirishani. Siku moja steringi alianguka kutoka kwenye daraja, dizeli ikaisha kwenye jenereta palepale. Giza. Hakuna aliyedai hela yake! Watu wakatoka wanasema "yupo chini ya maji, anaibukia ng'ambo". Na kesho yake waliolipa tena waliona ameibukia ng'ambo.

2021 nimekwenda sinema ya kisasa, kiti cha kulala, bisi ya bei ya kilo mbili za sukari, steringi anakufa mbele yangu na jenereta lipo zima. Nilibaki mpaka majina yameisha nikisubiri aibuke.

#28 Msela wa Manzese

#27 mzee umenimaliza. "Jenereta lipo zima" 💀

#29 Mjukuu wa Chifu

Lakini kwenye majina ya mwisho kabisa waliandika kwamba James Bond atarudi. Kwa hiyo mzee uliyebaki ulilipwa.

#30 Mzee wa Mkanda

Maandishi si kuibuka, mwanangu.

#31 Bwana Hesabu

Kufa si tatizo. "James Bond" ni jina la kazi, kama namba 007. Akifa au akistaafu anapewa mwingine. Ndiyo maana sura zinabadilika na bosi hashangai. Ukishakubali hilo, Idris, Kaluuya, hata shangazi yangu wa Same anaweza kuwa Bond.

#32 Fundi Redio

Nadharia hii ife leo. 1969 Lazenby alioa, mke akauawa siku ileile ya harusi, Tracy. 1981 Moore anaonekana mwanzoni kabisa mwa For Your Eyes Only amesimama kwenye kaburi la Tracy na maua. Jina la kazi linapeleka maua kaburini? Tena Skyfall tumeonyeshwa kaburi la wazazi, jina la ukoo Bond, kwao Scotland. Ni mtu mmoja anayebadilishwa sura.

#33 Bwana Hesabu

Mtu mmoja aliyekuwa mtu mzima 1962 na bado anaruka 2015? Huyo si jasusi, ni jini.

#34 Kijana wa Darajani

Jini tunamkubali. Tatizo lenu nini?

#35 Dada wa Forodhani

Mimi nadhani ni kama ngano. Sungura wa bibi yako na Sungura wa bibi yangu ni mmoja, ila kila bibi anamwanza upya. Craig alianzwa upya 2006, ndiyo maana pale anapewa leseni ya kuua kama mgeni kazini. Wa Craig kafa na hadithi yake. Villeneuve ataanza "paukwa".

#36 Mzee wa Mkanda

Sungura naye hafi.

#37 Kasai wa Lubumbashi

Jambo bandugu. Niko Lubumbashi lakini wazazi ni wa Kasai. Nimefurahi mmetaja Moore. Filamu yake ya kwanza, Live and Let Die 1973, adui anaitwa Daktari Kananga. Kananga ni mji wetu! Zamani Luluabourg. Baba yangu aliapa kwamba Wazungu walituiba jina.

#38 Mjukuu wa Chifu

#37 kaka, lile jina lilitoka kwa Ross Kananga, mwenye shamba la mamba Jamaika walikopigia picha. Ndiye aliyekimbia juu ya migongo ya mamba badala ya Moore. Walilipenda jina wakampa adui, aliyeigizwa na Yaphet Kotto.

#39 Kasai wa Lubumbashi

Aliyekimbia juu ya mamba? Huyo basi ndiye alipaswa kuwa Bond. Baba nitamwambia, lakini hatakubali.

#40 Mchambuzi wa Benchi

Nimesoma yote. Bado nasema: kwa nini tunagombea mtoto wa jirani? Tunaye Willy Gamba wa riwaya za Musiba. Jasusi wa Kiafrika, suti, wanawake, bastola, ameshapigana mpaka Kinshasa. Mpeni Idris huyo, na studio anajenga Zanzibar.

#41 Kiti cha Nyuma

Leo #40 umeongea kitu. Nimeandika tarehe.

#42 Dada wa Forodhani

Ghafla mzee wa "Bond ni Mwingereza" kaja upande wetu kwa mlango wa nyuma. Karibu, viatu vua.

#43 Mbale Kwetu

Willy Gamba awe Kaluuya. Idris awe bosi wake, Chifu, anakaa ofisini hapandi mapaa. Umri tatizo limeisha.

#44 Bi Nyamizi

Idris akae ofisini? Na suti ile? Napinga.

#45 Kijana wa Darajani

Mnasahau la Idris mwenyewe. Alisema 2023 kwamba mjadala ulipogeuka kuwa wa rangi ya ngozi ukamkata hamu. Kuna posti arobaini na ushee humu na hakuna aliyejiuliza kama mwenyewe anataka.

#46 Kiti cha Nyuma

Anayesema hataki baada ya kusubiri miaka 15 huwa alitaka.

#47 Dada wa Forodhani

Au alichoka kuulizwa. Ukiulizwa "unaolewa lini" kila sikukuu kwa miaka 15, hata mchumba akija unamfungia mlango.

#48 Kibanda Umiza

Wakuu, nimerudi. Bado nipo na hesabu zangu, ila #13 na #14 mmenichanganya. Mmoja anasema kiti hakikuwa wazi, mwingine anasema hata kingekuwa wazi wasingempa. Zote naona zinakaa.

Nimepiga simu kwa mzee wangu Muheza. Yeye ndiye alikuwa anatupeleka Drive-In Dar, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Peugeot 404, spika unaining'iniza kwenye kioo cha dereva, sisi watoto nyuma tunasikia nusu. Nikamwuliza, mzee, nani awe James Bond?

Akasema, "Si yupo Moore?"

Nikamwambia Roger Moore alifariki 2017. Kimya. Akauliza, "Na Connery?" Nikasema 2020. Kimya kirefu, nasikia kuku tu kwa nyuma. Halafu akasema, "Kumbe wamekwisha. Basi mpeni huyo mnayemtaka, mimi sina tena neno."

#49 Mzee wa Mkanda

Msalimie sana mzee.

#50 Fundi Redio

Dalton hakumwulizia?

#51 Kibanda Umiza

Hapana mkuu.

#52 Fundi Redio

Yupo hai. Mwambie.